Televizio mu nyumba zetu, na kaseti ya nkambo



Mu vitabu kama hivi tunazoea kuandika juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina na juu ya ngoma. Pengine mmoja wenu atasema: «Mwalimu, televizio inaingia namna gani mu desturi? Si ni kitu cha juzi tu?» Jibu letu ni hili. Kitu ambacho kimekalisha watu pamoja kila mangaribi kwa zaidi ya miaka makumi matano, kikapanga nani aketi ku kiti na nani aketi chini, kikaleta urafiki na ugomvi kati ya majirani, kitu hicho ni desturi tayari. Tena, ndani ya mashine zile tuliweka desturi zetu zingine: ndoa zetu, vilio vyetu, sauti za wazee wetu. Na kila mara mashine ilipobadilika, kuna kitu tuliacha nyuma. Njo maana tunaandika.

Mama yetu, ambaye tunakaa naye huku Kasungami, mu komini Annexe ya Lubumbashi, amepita miaka sabini. Alizaliwa wakati televizio haijafika Kongo. Leo mjukuu wake anatembea na televizio mu mfuko wa suruali. Kati ya siku hizo mbili ni maisha ya mtu mmoja tu. Basi tufuate maisha hayo hatua kwa hatua.

1. Sanduku la jirani

Televizio ilifika Afrika yetu kwa mwendo usio sawa. Ng'ambo ya mpaka, ku Kitwe, mu Zambia ya leo, ilianza mu mwaka 1961. Kinshasa ilianza mu 1966, mwaka mmoja kisha Mobutu kukamata utawala. Zanzibar walipata televizio ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini wandugu wa Tanzania bara walingoja mpaka 1994. Kwa hiyo sisi hatukuwa wa mwisho. Ila nchi inaweza kuwa na stesheni, na mtu akakosa sanduku mu nyumba yake.

Mama aliona televizio mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ku Katuba, kwa kapita mmoja wa Gécamines. Wakati ule kampani ilikuwa ndiyo baba na mama wa muji: mshahara, unga, hospitali, masomo, vyote vilitoka kule. Kapita alikuwa na televizio ya mbao, yenye miguu minne na milango miwili mbele, sawa kabati. Milango ilifungwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa mu kitambaa cha bibi yake. Juu ya sanduku kulikuwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, na juu ya kitambaa foto ya ndoa.

Mu zile mashine za kwanza kulikuwa taa ndogo za vioo ndani, na hazikufanya kazi mpaka zipate moto. Ukiwasha, unasikia kwanza sauti, kisha unangoja. Picha inakuja polepole mu kioo, nyeusi na nyeupe. Mama anasema kule kungoja kulikuwa kutamu kupita picha yenyewe: lupango nzima inanyamaza.

Hakuna aliyelipa franga. Lakini kulikuwa sheria. «Tulikuwa tunaosha miguu mbele ya kuingia, sawa watu wanaenda ku misa,» mama anasema. Wazee waliketi ku viti, wanawake ku mikeka, watoto chini kabisa, na wale wasiopata nafasi walisimama inje ku dirisha. Mwenye kuruhusu alikuwa bibi ya kapita. Kama asubuhi mulipigana maneno ku bomba ya maji, mangaribi mtoto wako atabaki inje. Wanawake walijua jambo hilo, na ku bomba watu walianza kuwa na adabu. Hivi sanduku moja lilisimamia amani ya avenyu, lakini ilikuwa pia amani ya woga: mwenye ufunguo ndiye mwenye neno.

Na wale waliokuwa na ufunguo wa stesheni, waliupiga vilevile. Wenye umri kama wa mama wanakumbuka mwanzo wa habari: sura ya Mobutu ikishuka kutoka mu mawingu. Kisha nyimbo na michezo ya kusifu chama, MPR. Watoto waliamini kweli anakaa juu. Mama yetu mwenyewe alimuuliza yomba wake: «Na mvua ikinyesha, anakaa wapi?» Yomba alimfunika kinywa na mkono, akaangalia dirisha.

Siku ambayo wazee hawasahau ni ile ya tarehe 30 oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman ku Kinshasa. Ngumi zilianza karibu saa kumi ya usiku, saa za Kinshasa. Kwa nini saa ya namna hiyo? Juu watu wa Marekani walitaka kuangalia mangaribi yao. Mapigano yalikuwa kwetu, lakini saa ilikuwa ya televizio yao. Ali alimwangusha Foreman mu raundi ya 8. Ku Katuba, mama anasema, kapita hakufunga milango ya sanduku ile usiku, na hata wale wa ugomvi wa bomba waliingia.

2. Anteni, fundi, na rangi isiyoonekana

Sisi wenyewe tulikuwa watoto mu miaka ya 1980. Wakati ule transistori zilikuwa zimefukuza zile taa za vioo, mashine zilikuwa nyepesi kidogo na bei ilishuka. Baba yetu, mfanyakazi wa reli, alileta televizio yetu ya kwanza kutoka Zambia, kwa kupitia Kasumbalesa. Ilikuwa ya rangi. Avenyu yote ilikuja kupokea. Tukaiwasha: picha nyeusi na nyeupe, tena bila sauti. Watu walicheka mpaka machozi. «Televizio bubu!»

Tulikuja kuelewa sababu kisha miaka mingi, tulipokuwa ku masomo. Nchi yetu ilikuwa imechukua mfumo wa rangi wa Ufaransa, unaoitwa SECAM. Zambia, sawa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, ilichukua PAL. Mashine ya PAL inaona picha ya SECAM, kwa sababu zote mbili zina mistari 625, lakini haijui kusoma rangi yake. Na sauti ya huku inatumwa mbali zaidi na picha kupita sauti ya kule, basi mashine ya Zambia inaitafuta mahali haiko. Mipaka ya wakoloni ilikuwa imeingia mpaka ndani ya sanduku letu.

Fundi wa Katuba, ambaye hakusoma mambo hayo mu kitabu, aligeuza kidude kimoja na bisibisi ya plastiki, akisikiliza na sikio, mpaka sauti ikaingia. Rangi alishindwa. Miaka sita tulikuwa na televizio ya rangi isiyokuwa na rangi. Lakini tuone vizuri: mtu wa avenyu yetu aliweza kufungua mashine ya ng'ambo na kuifundisha kusema. Aliogopa kitu kimoja tu, ile sehemu ya nyuma ya tube ambamo umeme unapanda mpaka maelfu ya volti. Pale alitia mkono mmoja, mwingine aliweka nyuma ya mgongo, ili umeme usipite ku moyo. Watoto wote tulijua kanuni hiyo.

Kisha kulikuwa anteni. Ilifungwa juu ya mti mrefu nyuma ya nyumba. Upepo ukipiga, picha inaenda. Basi mmoja anatoka kugeuza mti, wa pili anasimama ku dirisha, wa tatu anaketi mbele ya kioo:

«Sasa iko namna gani?»
«Bado, iko theluji!»
«Na sasa?»
«Rudisha kidogo! Kidogo! Hapo hapo, usiguse tena!»

Na yule wa inje alibaki inje ameshika mti, anasikiliza wengine wakicheka. Tulifanya kwa zamu. Hatukujua kama tunajifunza kitu, lakini tulijifunza kwamba mtu haangalii peke yake: kuna mwenzake mu baridi anayemshikia picha.

Ndani ya kioo kile tulisikia pia Kiswahili chetu. Troupe Mufwankolo, ambao wazee walikuwa wamewazoea ku radio, waliingia televizio na michezo yao. Hawakusema Kiswahili cha kitabu. Walisema kile cha Lubumbashi, chenye *mu* na *ku*, na kila mtu mu saluni alimtambua shemeki wake ao jirani wake. Mu mwaka 1986 mwalimu mmoja wa ng'ambo, Johannes Fabian, alifuata kundi hilo walipokuwa wanatayarisha mchezo juu ya utawala kwa ajili ya televizio, na mu 1990 alitoa kitabu kizima juu ya kazi yao. Sisi tulicheka tu, yeye aliandika. Leo mtu akitaka kujua kwa undani ule mchezo ulitungwa namna gani, anafungua kitabu cha mgeni. Tuweke neno hilo pembeni, tutalirudilia.

3. Wakati wa kaseti

Kaseti ya VHS ilitoka Japani mu 1976. Mu nyumba za kwetu ilianza kuonekana mu miaka ya 1980, na mu miaka ya 1990 ilienea. Ilileta jambo jipya kabisa. Mpaka hapo televizio ilikuwa kama mvua: inanyesha ikitaka. Na kaseti, mtu anaangalia saa anayotaka, na anaweza kurudisha nyuma.

Hata siasa ilibadilisha sura mu kioo. Tarehe 24 aprili 1990 Mobutu alisema mbele ya televizio kwamba chama kimoja kimekwisha, na watu walimwona akitoa machozi. Mtu aliyeshuka kutoka mu mawingu alikuwa analia sawa mtu yeyote. Kisha ikaja Konferansi ya taifa, na watu walishinda mbele ya kioo wakisikia maneno ambayo yomba wa mama angefunika na mkono. Mu 1991 yakaja mapora. Lubumbashi ilipata yake mu mwezi wa kumi, na tuliona televizio zikipita mu njia juu ya vichwa vya watu. Zingine zilifika mu nyumba ambamo hakuna hata umeme. Ziliuzwa kwa kipande cha bei, ao zilifunikwa na kitambaa miaka na miaka.

Mu miaka ile ya njaa, televizio ilikuwa pia benki ya maskini. Pesa ilikuwa inaoza mu mfuko; sanduku halikuoza haraka vile. Mwezi wa tisa, minervali ya watoto ikifika, televizio inatoka. Ikipatikana kidogo, inarudi nyingine, ndogo. Yetu ilitoka mara mbili. Mara ya pili haikurudi kwa miaka mitatu, na tulirudi ku dirisha ya jirani, tukaosha miguu.

Ni wakati ule ule kazi ya kameramani ilizaliwa. Kila ndoa ilitaka kaseti yake. Yaya yetu aliolewa mu 1994, na siku ya mahari kameramani alikuja na mashine begani na taa moja kubwa iliyotoa wote jasho. Nkambo yetu, baba ya mama, alikuwa angali hai. Alisimama, akashika mkono wa kushoto na ule wa kuume, na akaanza kuhesabu ku vidole wanawake ambao ukoo wetu ulipitia kwao, mmoja mmoja, kutoka mu muji wa zamani mpaka Lubumbashi. Hiyo ilikuwa desturi yake ku kila ndoa: kukunja kidole, kutaja mwanamke, kusema alizaliwa wapi na aliolewa na nani. Sisi vijana tulikuwa inje, karibu na vinywaji. Tulisema: «Hakuna shida, iko mu kaseti.»

Nkambo alikufa kisha miaka miwili.

4. Paraboli, stesheni nyingi, na diski

Mu aprili 1997 AFDL waliingia Lubumbashi, mwezi uliofuata waliingia Kinshasa, na televizio ya serikali ikaitwa RTNC. Kisha stesheni za watu binafsi zikaongezeka. Huku kwetu Mosaïque na Nyota zilijulikana mu kila avenyu. Sasa matangazo ya kilio, mahubiri, nyimbo na michezo ya Kiswahili vilipita pamoja, na telekomandi ilianza kuleta ugomvi ambao ufunguo wa kapita haukuujua: mbele, kila mtu aliangalia kile kinachokuja, sasa mmoja anataka mpira, mwingine maombi.

Wenye pesa waliweka paraboli. Zile za kwanza zilikuwa kubwa sawa sufuria ya kilio. Kisha zikaja ndogo, pamoja na dekoderi na abonema ya kila mwezi. Maskini walipata diski. CD za video na DVD za bei ndogo zilijaa mu soko, na kaseti za VHS zikaanza kutupwa. Mu 2003 na 2004, Gécamines ilipoachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia, tuliona wazee wakinunua televizio na mashine ya DVD kwa pesa ya kuondokea. Hatuwacheki. Mtu aliyefanya kazi miaka makumi matatu anataka kuketi na kuangalia. Lakini mwaka haukwisha, vitu hivyo vilikuwa tena mu njia, juu ya kichwa cha mnunuzi.

Mara moja tu tuliona tena avenyu nzima mbele ya kioo kimoja. Desemba 2010, ku Abu Dhabi, TP Mazembe walipiga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya klabu. Kasungami hatukuwa na umeme ile siku. Jirani mmoja alitoa batri ya gari yake, mwingine televizio ndogo ya volti 12, wa tatu anteni. Tulikuwa zaidi ya watu makumi sita mu lupango moja. Kidiaba alipoanza kurukaruka na matako chini, wazee wa kanisa walifanya vile vile mu vumbi. Fainali tulipigwa 3-0 na Inter ya Milano, na tulilia pamoja. Hakuna aliyekumbuka kuosha miguu.

5. Kioo chembamba

Kisha tube ikafa. Televizio za kioo chembamba zilikuja, kwanza ghali, kisha za okazioni, kisha mpya za bei ya chini. Zina faida kubwa, tusifiche. Televizio ya tube ya inchi 21 ilikula karibu wati 80 ao 100. Ya LED ya inchi 24 inakula karibu wati 30. Njo maana huku kwetu, ambako delestaji inaweza kumaliza siku nyingi, paneli moja ya jua na batri moja vinatosha kwa nyumba. Mbele tulipiga kelele ya furaha, avenyu nzima, umeme ukija: «Imerudia!» Sasa kuna nyumba ambazo hazijui hata kama umeme ulienda.

Mambo ya hewani yalibadilika pia. Mu 2006, ku Geneva, mataifa ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati yalikubaliana kuacha matangazo ya zamani na kuingia ya numeriki, na mwisho uliwekwa tarehe 17 juni 2015. Huku kwetu tarehe ilipita na anteni za miti zilibaki zinafanya kazi kwa muda mrefu. Lakini vijana hawakungoja serikali. Walihamia ku telefoni. Leo mu nyumba yetu kuna watu saba na vioo vitano. Jioni kila mmoja anacheka saa yake. Ukisikia kicheko, hujui cha nini.

Na fundi? Yule wa Katuba amezeeka. Tulimpelekea kioo chembamba kilichopasuka ndani. Alikishika, akakigeuza, akaturudishia. «Mwalimu,» alisema, «hii haina ndani. Hakuna pa kutia mkono.» Kuna vijana wanaojua kubadilisha taa za nyuma na kadi za umeme, tunawasifu. Lakini kioo chenyewe kikipasuka, bei yake inakaribia bei ya televizio mpya, na mara nyingi watu wanaitupa.

6. Kaseti ya nkambo

Sasa tufike ku jambo lililotufanya tuandike. Miaka michache iliyopita, mtoto wa yaya yetu alitaka kuoa binti mmoja wa Kasungami hii hii. Wazee walipoketi, mzee mmoja wa upande wa binti alitaja muji wa zamani, ule ule wa nkambo, na jina la mwanamke. Watu walinyamaza. Kama mwanamke yule ni wa ukoo wetu, basi vijana hawa ni ndugu, na ndoa haiwezekani. Nani anajua? Wale waliojua wamekufa. Binti alikuwa ameketi pale, anaangalia chini.

Mama akasema: «Nkambo yenu alihesabu wote. Iko mu kaseti.»

Kaseti tulikuwa nayo, mu sanduku la nguo, imefungwa mu mfuko wa plastiki. Mashine ya kuicheza hatukuwa nayo. Hata kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza mashine hizo, Funai ya Japani, kiliacha mu 2016. Tulizunguka majuma matatu: kwa makameramani wa zamani, ku masoko, mu parokia. Mwisho ni fundi mzee wa Katuba aliyetoa mashine moja kutoka chini ya kitanda chake. Alifungua kaseti kwanza, akaona ukungu mweupe ku kona, akausafisha nusu siku nzima.

Tulikaa mu nyumba yake: mama, yaya, wale wachumba wawili, na wazee wa pande mbili. Picha ilikuja na theluji, kisha ikatulia. Nkambo alionekana. Mama alitia mkono ku kinywa. Nkambo alisimama, akashika mkono wake, akafungua midomo, na tukasikia gitaa.

Kameramani alikuwa ameweka muziki. Ilikuwa mtindo wa wakati ule, kila kaseti ya ndoa ilifanywa hivyo ili ipendeze. Dakika kumi na moja nkambo alisema, na dakika kumi na moja rumba ilipiga juu ya maneno yake. Hakuna neno hata moja.

Mzee wa upande wa binti alisimama apate kwenda. Hapo mama alisema: «Rudisha.» Fundi akarudisha. Nkambo akakunja kidole cha kwanza, na mama akataja jina. Akakunja cha pili, mama akataja la pili, na muji aliozaliwa. Macho yake yalikuwa mu kioo, sauti ilikuwa yake. La tatu. La nne likachelewa, likaja. Ku kidole cha tano mama alifungua kinywa na hakupata kitu. Tulirudisha mara saba. Kidole kilikunjika mara saba. Jina la tano halikuja, na mpaka leo halijaja.

Mu yale manne, jina la mwanamke aliyetajwa halikuwamo. Wazee walitoka inje, wakasemezana muda mrefu. Waliporudi walisema ndoa iendelee, ila upande wetu utoe mbuzi mmoja ya kukata undugu, kama undugu ungekuwamo mu kidole cha tano. Mbuzi alitolewa. Vijana walioana, na wana mtoto. Lakini mama anahesabu bado. Mara nyingine usiku tunamsikia mu chumba chake, anataja manne, kisha ananyamaza.

7. Mwisho

Wandugu, hatukuandika ili kulilia sanduku la mbao. Wakati wa ufunguo wa kapita hatuutamani tena. Tulioshwa miguu vya kutosha. Kioo chembamba ni kizuri, na telefoni ni nzuri. Ila historia ya televizio mu nyumba zetu inatufundisha kwamba mashine haitunzi kitu. Inakibeba tu mpaka mashine nyingine ije. Kutunza ni kazi ya watu. Basi tunawaomba mambo machache.

Kwanza, tafuteni kaseti zenu leo, si kesho. Ziwekeni zimesimama, mahali pakavu, mbali na jua. Ukiona ukungu, usiicheze mbele ya fundi kuisafisha, juu itachafua mashine na kukatika.

Pili, mashine moja ya VHS inaweza kusaidia avenyu nyingi. Ukiunganisha nyuzi zake za manjano, nyeupe na nyekundu na kidude kidogo kinachoingia ku kompyuta, kaseti ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu. Fanyeni nakala mbili, na ziketi mu nyumba mbili.

Tatu, mukimrekodi mzee na telefoni, msiweke muziki. Semeni kwanza tarehe, mahali na jina lake. Kisha mwacheni aseme mpaka amalize.

Nne, na hili ndilo kubwa: andikeni majina ku karatasi. Sisi waalimu tuna chaki na daftari, na hatukuandika. Tulikuwa inje karibu na vinywaji.

Mama yetu angali hai. Mwezi uliopita tuliketi naye, vioo vyote vitano vimezimwa, tukaandika yale majina manne na miji yake, na tukaacha mstari wa tano mtupu. Pengine msomaji mmoja wa kitabu hiki ana nkambo aliyetoka muji ule ule. Aje atuambie. Mstari unangoja.